Nilivyokwenda Kumhakiki Mwanaidi

Jamani, leo uso wangu nimeuacha sokoni. Atakayepita kwenye meza za samaki akauona, aufunike na jani la mgomba. Nitaufuata nikipata ujasiri.

Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa. Najua mpaka kesho habari itakuwa imeshafika Makunduchi, na ikifika huko itakuwa imetiwa chumvi, mtaambiwa nilitumbukia ndani ya pipa la matumbo ya samaki. Sikutumbukia. (Ilibaki kidogo, lakini sikutumbukia.)

Wasionijua: mimi ni Afisa Utumishi wa baraza moja la mji hapa Unguja. Jina la baraza silitaji, mkate wangu unatoka pale. Kazi yangu ni watu. Nani kaajiriwa, nani yuko likizo, nani anadai posho, nani anakaribia kustaafu. Zamani nilikuwa mtu wa kupendwa. Mwaka huu bajeti imekatwa, na nikitokea kwenye korido wenzangu wanageuza njia. Hata mama anayetuuzia chai siku hizi akiniona ananiuliza kwanza nimekuja kwa heri au vipi.

Siku chache nyuma Mkurugenzi aliniita ofisini kwake.

"Bi Raya, sokoni tuna wafagiaji wengi kuliko fedha. Nipe majina mawili tuwapunguze."

"Wote wanafanya kazi, Mkurugenzi."

"Basi tafuta wanaofanya kidogo. Na ufanye haraka, kuna mgeni anakuja kutoka wizarani kuhakiki. Anataka kumwona kwa macho kila tunayemlipa. Asiyeonekana, nafasi yake inafutwa na hairudi tena."

Nikatoka. Wafagiaji wale ni akina mama wa mkataba, sita tu, na mshahara wenyewe ukiupeleka dukani unarudi na mfuko mmoja mkononi. Kumwambia mmoja wao asije kesho si jambo la kulisema kisha ukaenda kula biriani. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka.

Kisha nikaletewa maneno. Bwana mmoja mwenye meza ya pweza alikuja dirishani kwangu kuulizia kibali chake, akasogea, akashusha sauti.

"Bi Raya, yule Mwanaidi wenu anayefagia kwetu alikuwa mrefu. Siku hizi mfupi."

"Mfupi vipi?"

"Mfupi. Ufagio ule ule, baibui lile lile, lakini mtu kapungua."

Nikaelewa papo hapo. (Nilidhani.) Wafagiaji wengi pale hufunika uso. Vumbi lile na harufu ile vinatosha kumfanya mtu ajifunike, na wengine wanaona haya tu, hawataki jirani ajue wanafagia. Kwa hiyo mtu akimleta mwingine afagie kwa jina lake, nani atajua? Mwanaidi anapokea mshahara, amejilalia kwake Kikwajuni, na sokoni kuna mtu mfupi. Huyo ndiye mfanyakazi hewa tunayemsema kila kikao. Jina la kwanza nimeshalipata, tena bila ya kumdhulumu mtu. Nasema kweli, niliona raha. Usiku ule nililala vizuri.

Lakini mimi si mtu wa kuambiwa tu. Nataka nione. Nikaamua kwenda sokoni mwenyewe, kwa siri, kumkamata yule mfupi. Wifi yangu tunayekaa naye Chukwani huvaa nikabu kila siku, basi leo asubuhi nikamwendea kuiazima.

"Unakwenda wapi na nikabu yangu?" akaniuliza.

"Kazini."

"Kazi gani hiyo?"

"Ya siri."

Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe na siri wapi na wapi. Haya, chukua, lakini usinirudishie inanuka."

Nikavaa. Nikajitazama kwenye kioo, nikapenda. Nilikuwa sijulikani kabisa. Nikamtumia Mkurugenzi ujumbe: "Niko ofisini, namalizia yale majina." (Ujumbe huo uwekeni akilini.) Simu nikaifunga kiunoni kwa kanga, ndani kabisa ya baibui, isije ikaanguka kwenye maji ya samaki. Nikajiona hodari.

Nilifika sokoni wauzaji wakiwa bado wanapanga. Mpango wangu ulikuwa kusimama karibu na meza za samaki, nijifanye nachagua dagaa, huku jicho liko kwa wafagiaji. Nilisimama. Nilichagua. Muuza dagaa alianza kunichoka. Wafagiaji nikawaona watano, na wa sita, yule mfupi, hayupo.

Ndipo msimamizi wao, Bi Kidawa, akanijia. Huyu ni mama mwembamba mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Akanishika mkono.

"Wewe ndo umekuja badala ya Mwanaidi?"

Kumbe hata msimamizi anajua! Mchezo mzima uko wazi mbele yangu, nimeukuta mbichi. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mbona saa hizi? Zuhura yuwapi leo?"

Nikapandisha mabega. Kusema siwezi, Bi Kidawa sauti yangu anaijua vizuri, kila wiki hunipigia kudai glavu.

"Haya, shika. Anzia hapa kwenye samaki uishie kwenye ndizi. Na hayo matumbo usiyasukumie mferejini."

Akanitia ufagio wa chelewa mkononi. Nikaona ndiyo nafasi yenyewe. Nitafagia kidogo, nitasikiliza, nitajua yote, kisha nitaondoka zangu. Afisa Utumishi anafanya uchunguzi. Hata kwenye sinema sijawahi kuona mtu mjanja namna ile.

Sasa nikwambieni kuhusu ufagio wa chelewa, zile njiti za mnazi zilizofungwa pamoja. Ni mfupi. Ukifagia nao unafagia umeinama, na mimi mara ya mwisho kuinama muda mrefu nilikuwa natafuta hereni chini ya kitanda. Sikuwa nimefika hata nusu ya meza za samaki, kiuno kikawa kinaniita kwa jina. Maji ya samaki yakaingia kwenye kiatu cha kulia, halafu yakaingia na cha kushoto. Nikabu ikanasa magamba. Ndani ya kile kitambaa joto linapanda, nje harufu inashuka, zinakutana puani kwangu.

"Huyu kapatikana wapi?" nikamsikia mmoja. "Anafagia kama anapangusa meza ya ofisi."

"Mwache, bado mgeni. Na naona bubu."

Aliyenitetea ni mama mnene, mcheshi, wanamwita Bi Time. Akaja kufagia ubavuni kwangu, akanionyesha namna ya kushika ufagio nisijiumize mgongo. Nilimshukuru kwa kichwa.

"Usichoke mwanangu," akaniambia. "Sie sote tunamshikia Mwanaidi. Mtoto wake hata arobaini hajatimiza."

Ufagio wangu ukasimama.

"Kwani hukuambiwa? Kafagia mpaka uchungu umemkamatia hapo kwenye ndizi. Sasa yumo ndani, anakandwa kwa maji ya moto. Nduguye, huyo Zuhura, ndo anamshikia zamu. Maskini, vitumbua vyake mwenyewe anavichoma alfajiri, anaviacha kwa jirani, anakimbilia huku."

Nikataka kuuliza kwa nini Mwanaidi hakuomba likizo. Nitauliza vipi na mimi ni bubu? Bi Time akajibu bila ya kuulizwa.

"Alikwenda kuomba likizo. Kwa yule Bi Raya wa utumishi. Kasimama dirishani na tumbo lake, mwenzie hata kichwa hakuinua. Kamwambia, tutalifanyia kazi."

"Tutalifanyia kazi," wenzake wakaitikia kwa pamoja, kwa sauti ya puani. Na mmoja akaegemeza ufagio, akashika kiuno, akapita katikati ya njia akitupa mkoba usiokuwepo, shingo imesimama. Walicheka mpaka muuza dagaa naye akacheka. Nilijitambua. Ndivyo ninavyotembea. Wifi yangu ameshaniambia mara nyingi, nikawa nambishia.

Ningependa kukwambieni kuwa nilimkumbuka Mwanaidi pale dirishani. Sikumkumbuka. Nililikumbuka neno langu tu, maana hulisema kwa kila mtu, ndilo neno linalomwondoa mtu dirishani kwa upole. Mtu amesimama mbele yangu na mimba ya miezi, na mimi nimemwondoa kwa upole. Halafu huyo huyo ndiye niliyemweka wa kwanza kwenye majina ya kutolewa. Niliona haya, na ndani ya nikabu hakuna aliyeniona.

Nikasema basi. Narudi ofisini sasa hivi, jina nalifuta, naandika likizo, naanza upya. Nikaegemeza ufagio. Nikageuka.

Nikamwona Mkurugenzi.

Anakuja kupitia upande wa nyanya, shati limenyooka, anatabasamu lile tabasamu la mbele za wageni. Pembeni yake mama mmoja wa makamo, miwani minene, mkoba mkubwa, anatembea bila ya haraka na kutazama kila kitu mara mbili. Sikuhitaji kuambiwa. Mgeni wa wizarani kaja leo, na badala ya kupitia ofisini kapitia sokoni.

"Bi Kidawa," Mkurugenzi akaita.

"Naam."

"Tumekuja na Bi Nasra kutoka wizarani. Wapange akina mama awaone."

Nikatazama njia ya ndizi. Imezibwa na toroli. Njia ya samaki, amesimama Mkurugenzi. Bi Kidawa akanivuta mkono na kunisukuma mstarini, akaninong'oneza, "Simama hapa, usiseme kitu. Leo wewe ndo Mwanaidi. Wakikuta kapungua mmoja, wanamfuta."

Hapo nilikuwa na la kufanya. Ningeweza kuvua nikabu na kusema mimi nani. Lakini nikisema mimi nani, mstari unapungua mtu mmoja, na mtu huyo yuko Kikwajuni amemshika mtoto wa siku chache, na Mkurugenzi alikwishasema nafasi ikifutwa hairudi. Nikasimama. (Pia niliogopa. Nisijifanye shujaa.)

"Vitambulisho nitaviangalia baadaye ofisini," akasema Bi Nasra. "Sasa nawahesabu tu. Kila mmoja anitajie jina."

Bi Time akataja lake. Akafuata wa pili, wa tatu. Mimi nilikuwa wa mwisho. Bi Nasra akafika mbele yangu, akasubiri. Mkurugenzi naye akasubiri, pua yake umbali wa mkono mmoja na yangu, na sauti yangu anaisikia kila siku ya Mungu.

Nikakohoa.

"Huyo Mwanaidi Haji," akasema Bi Kidawa haraka. "Mafua yamemkausha sauti."

"Pole sana, Mwanaidi," Mkurugenzi akaniambia kwa huruma. "Lakini kazi unaifanya nzuri. Tunaiona."

Miaka yote niliyofanya naye kazi hajapata kuniambia hivyo. Nilikaribia kulia humo ndani.

"Basi wametimia," akasema Bi Nasra, akaandika. Mstari mzima ukashusha pumzi. Na mimi nikashusha, ingawa nilijua nimefanya nini: Afisa Utumishi kaondoka nyumbani kukamata mfanyakazi hewa, na sasa ndiye mfanyakazi hewa, tena amehakikiwa na wizara.

Wangeondoka wakati ule, kisa hiki msingekisoma.

"Ngoja nimpigie Afisa Utumishi wangu atayarishe majalada," Mkurugenzi akasema, akatoa simu. "Mtu hodari sana huyu. Saa hizi yuko ofisini zamani."

Mlio wa simu yangu ni jogoo. Niliuchagua mwenyewe, kwa sababu mlio mwingine wowote nikiwa usingizini siusikii. Ni jogoo mkubwa, mwenye kifua. Akawika kiunoni kwangu, chini ya kanga, chini ya dera, chini ya baibui.

Watu wakageukia matenga ya kuku. Ni jambo la kawaida, sokoni kuku wapo. Muuza kuku akainama kutazama tenga lake kwa fahari. Nikaingiza mkono ndani ya baibui kuitafuta simu, nikakutana na fundo la kanga, na fundo lile nililifunga kwa nguvu zangu zote. Jogoo akanyamaza mwenyewe.

"Hapokei," akasema Mkurugenzi. "Labda yuko kwenye majalada. Nimjaribu tena."

Jogoo akawika tena.

Safari hii muuza kuku mwenyewe akanyanyua kichwa. "Wangu mitetea watupu, jogoo sina," akasema.

Mkurugenzi akakata. Jogoo akanyamaza. Mkurugenzi si mtu wa haraka katika kufikiri, lakini akifika hufika. Akaitazama simu yake. Akanitazama mimi. Akabonyeza, huku macho yako kwangu, hajaiweka hata sikioni. Jogoo akawika, na tumbo langu likawa linatetemeka pamoja naye, maana simu ile hutetemeka pia.

"Mwanaidi," akasema Bi Kidawa polepole, "una jogoo?"

Nikanyanyua mkono, nikavua nikabu. Gamba moja likabaki shavuni, nililisikia lakini sikuthubutu kulitoa. Na kwa kuwa kichwa kilikuwa kitupu kabisa, mdomo ukafanya ulichofundishwa tangu utoto mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo," nikamwambia Bi Nasra.

"Marahaba," akaitikia, naye kwa mazoea.

Bi Time akakaa juu ya ndoo. Yule aliyeniigiza mwendo akajificha nyuma ya mwenziwe, akajifunika hata macho. Bi Kidawa alinitazama kisha akautazama ufagio wangu, na nikaona anakumbuka kila neno alilonisemesha tangu asubuhi.

"Bi Raya," akasema Mkurugenzi, sauti imemtoka nyembamba. "Uliniambia uko ofisini."

Kabla sijapata uongo wa pili, mtu akaja mbio kutokea upande wa viazi. Mfupi. Baibui limevutwa juu, nikabu imekaa upande, mkononi mfuko wa vitumbua.

"Nisameheni jamani," akasema huku akihema, "mafuta yalichelewa kupata moto. Nshafika. Mie Mwanaidi."

Bi Nasra akashusha miwani yake puani. Akamtazama Zuhura, akanitazama mimi, akatazama alichokiandika. "Soko hili," akasema, "limebarikiwa kina Mwanaidi."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Bi Kidawa anafumba macho. Akina mama wote wakainamisha vichwa, na nikajua wanachongoja: wanangoja jina lifutwe, na labda na ya kwao pia, kwa kuwa wote walijua na wote walinyamaza. Zuhura alikuwa bado hajaelewa, lakini aliyasoma macho ya wenziwe, akaukumbatia mfuko wa vitumbua.

Basi nikasema. Sijui nilipata wapi sauti, lakini ilitoka, na haikuwa ya puani.

"Mwanaidi wa kweli kajifungua, yuko nyumbani. Huyu ni mdogo wake, anamshikia. Mwanaidi alikuja kwangu kuomba likizo kabla hajajifungua, na mimi sikumshughulikia. Kosa ni langu. Hawa hawana kosa."

"Na wewe hapa unafanya nini?" akauliza Bi Nasra.

"Nilikuja kumkamata."

"Kwa ufagio?"

"Nilipewa," nikasema.

Akavua miwani, akaifuta. Aliifuta mpaka nikaanza kufikiria kazi nyingine ninazoziweza. (Ufagiaji si mojawapo, tumeshaona.) Kisha akafungua mkoba, akatoa kalamu, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya muhogo.

"Huyu Mwanaidi ana mkataba hai?"

"Anao."

"Na wewe ndiye Afisa Utumishi?"

"Ndiye mimi."

"Basi nani mwingine alikuwa akueleze kuwa mwenye mkataba naye ana likizo yake ya uzazi, na mshahara wake juu? Mtu aliye likizo ya uzazi mimi simhesabu hewa. Namhesabu kazini. Kaandike likizo yake leo, uianzishe siku aliyojifungua, uniletee ofisini nione sahihi yake." Akakata kitu, akaandika kitu. "Wametimia. Nilisema wametimia, na wametimia."

Jamani, mnajua unapobeba ndoo ya maji mpaka ghorofa ya juu, ukaitua? Ndivyo mwili wangu ulivyokuwa. Niliegemea meza ya samaki, kiganja kikaingia kwenye pweza, sikujali. Bi Kidawa alikuwa anasema Alhamdulillahi chini chini bila ya kusimama. Zuhura alianza kulia, halafu akaanza kugawa vitumbua, na Bi Nasra akachukua kimoja.

"Lakini bajeti, Bi Nasra," Mkurugenzi akajaribu. "Tulikuwa tupunguze wawili hapa."

"Hapa pasafi, na watu nimewaona wanafanya kazi. Pale ofisini kwako mnakaa vikao vingapi vya posho kwa mwezi?"

Mkurugenzi akakohoa. Mafua ya sokoni yanaambukiza.

"Anzia hapo," akasema Bi Nasra, akaendelea na kitumbua chake.

Kwa hiyo wafagiaji hawaguswi, na posho za vikao zimefutwa, zikiwemo zangu ambazo nilikwisha kuzinunulia makochi kichwani. Nasema kwa moyo mweupe, sikusikitika. Labda nitasikitika mwisho wa mwezi. Leo nilikuwa na furaha ya mtu aliyekaribia kumtupa mwenziwe barabarani, akashikwa mkono.

Bi Time alinifuata wakati naondoka. "Mwanangu," akasema, macho chini, "yale tuliyoyasema asubuhi…"

"Yapi?" nikamuuliza. "Mimi nilikuwa bubu, si kiziwi. Lakini mwendo wangu mmeupata sawasawa."

Akacheka mpaka akanishika bega. Nami nikacheka. Ndipo nikakumbuka gamba, nikalitoa.

Mchana nilikwenda Kikwajuni na karatasi ya likizo. Sikubadilisha nguo, nilitaka jambo liishe kabla mtu hajabadilisha mawazo. Mama mkwe wa Mwanaidi alifungua mlango, akanusa, akarudi nyuma hatua moja, lakini alinikaribisha, Mungu ambariki. Chumba kinanukia udi, bakuli la uji wa pilipili manga liko pembeni, na Mwanaidi kakaa kitandani na mtoto kifuani. Ni mrefu kweli, miguu imepita kitanda.

Aliponiona alinijua mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa simjui. Akamvuta mtoto karibu zaidi.

"Bi Raya," akasema. "Nnafukuzwa?"

"Hapana. Unapumzika. Mshahara wako utakuja, na nafasi yako inakungoja. Saini hapa."

Alitazama karatasi, akanitazama, akairudia karatasi. "Nirudi lini?"

"Likizo ikiisha. Siku imeandikwa hapo."

"Na Zuhura?"

"Zuhura kesharudi kwenye vitumbua vyake. Nimeonja. Hata mimi ningevirudia."

Akasaini. Nikamwomba radhi kwa ile siku ya dirishani, akasema si kitu, na nikaona ni kitu. Halafu akamlaza mtoto, akajilaza ubavuni kwake, na nilikuwa bado nakunja karatasi, nikasikia pumzi yake imebadilika. Kalala. Mama mkwe akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu ajifungue hajalala namna ile, kila akifumba macho alikuwa anashtuka akiuliza kama sokoni kuna usalama. Nikatoka kwa ncha za vidole.

Sasa wenye akili mtauliza: Mwanaidi yuko likizo, Zuhura yuko kwenye vitumbua, fedha ya kumwajiri mtu wa muda haipo, je, samaki atafagiwa na nani? Swali hilo Mkurugenzi naye aliliuliza jioni kikaoni, kikao cha kwanza kisicho na posho. Akalijibu mwenyewe. Maafisa tutapokezana kila asubuhi mpaka mwenyewe arudi, na zamu ya kwanza kapewa aliye na uzoefu.

Kwa hiyo kesho mkija kununua samaki mkaniona nimeinama, nisalimieni tu mpite. Atakayecheka nitamfagia miguu, na ambaye bado hajaoa au kuolewa anajua wazee walivyosema: aliyefagiwa miguu ndoa haipati.